Mnyama Tuliyemchora Juu ya Mwamba

Mjukuu wangu Neema anatengeneza mchezo wa kuogopesha. Si ule wa kwenye simu. Ni kitabu cha picha alizozichora mwenyewe, na ramani, na madadu yenye nyuso nyingi kama vipande vya chumvi ya mawe. Watu wanne au watano wanakaa mezani, mmoja anasimulia safari, wengine wanasema watafanya nini, halafu dadu linahukumu kama umepona au umeliwa. Alikuja na wenzake kuujaribu nyumbani kwangu hapa Singida Mjini, kwa sababu meza yangu ni kubwa. Meza hiyo nimeinunua kwa jasho la alizeti, sikuachiwa na mtu.

Mimi nilikuwa upande wa pili wa meza nachambua mchele. Msimulizi anasema mzimu umefunua kaburi, vijana wanacheka. Anasema popo mwenye kichwa cha mtoto ametua begani, wanacheka zaidi. Neema akaweka kalamu chini.

"Bibi, hebu tuambie wewe. Kwa nini hawaogopi?"

"Mmejaza mashetani," nikamwambia. "Mashetani kumi, na hakuna hata mtu mmoja ambaye akiliwa nitamlilia. Sasa niogope nini?"

"Mtunzi mwenyewe huyu hapa," mwenzake mmoja akasema. "Sisi tunapoteza muda."

Neema hakucheka. Aliandika nilichosema, kisha akafunua ukurasa mwingine akauweka juu ya mchele wangu. "Na huyu je?"

Alikuwa mnyama mwenye manyoya mengi shingoni, amechuchumaa juu ya jiwe. Miguu yake ya nyuma ilikuwa ya mtu. Nyayo, vidole vitano, kisigino kimepasuka kama cha mkulima.

Nikasema naenda kuangalia mashine ya kukamua. Mashine ilikuwa imezimwa tangu saa sita. Nilikaa juu ya gunia la mashudu, mikono katikati ya magoti, mimi ambaye nimegombana na madalali wa mji huu nikawashinda, nimeikimbia karatasi. Mtoto sikumwambia kitu. Nawaambia ninyi wa rika langu, mliokua wakati neno mbojo halitamkwi mbele ya watoto, na watoto tukalijua kuliko wakubwa. Mtu anayefuga simba kwa siri. Mtu anayevishwa ngozi ya simba akatumwa kuua. Mlikuwa mnasikia kama nilivyosikia mimi, kupitia ukuta.

Baba yangu hakuwa na mtoto mkubwa wa kiume, kwa hiyo mbuzi nilichunga mimi. Shule niliishia darasa la pili. Silalamiki, nimefika nilipofika. Lakini nataka ieleweke kwamba kalamu niliyoijua vizuri utotoni ilikuwa mkaa, na karatasi yangu ilikuwa mwamba.

Mwamba wenyewe mnajua ilivyo kwetu, mawe makubwa yamejaa kila mahali kama yamemwagwa. Huu ulikuwa nyuma ya kijiji, umelala, mpana kuliko uwanja wa kanisa, na upande mmoja ulikuwa laini kabisa. Asubuhi ulikuwa wa baridi, mchana ulikuchoma makalio. Ulinuka mikojo ya pimbi na mavi ya mbuzi yaliyokauka, harufu ambayo sijui kwa nini mimi naipenda mpaka leo. Nilichunga pamoja na Ntandu, mtoto wa baba mdogo. Ntandu alikuwa na maneno. Angekueleza jinsi mbuzi alivyozaa ukalia. Mimi nilikuwa na mkono. Chochote nilichokiona mara moja, mkaa ukiwa mkononi, kilirudi.

Chini ya mwamba huo aliishi Bibi Mkhoi, mjane, mfinyanzi. Mume wake alikuwa amekufa zamani, watoto hakujaliwa. Vyungu vyote vya kijiji chetu vilitoka mikononi mwake, na kabla ya kuvichoma alivisugua kwa udongo mwekundu aliouchimba mbugani, kwenye shimo ambalo wakati huo hakumwonyesha mtu. Udongo huo aliuchanganya na mafuta ya nyonyo, ukawa mwekundu kama nyama ya ndani. Sisi tulimwomba. Alitupatia mabaki kwenye kigae, bila kuuliza ni ya nini.

"Chukueni," alisema. "Lakini kigae msinirudishie kichafu."

Basi, tulitengeneza safari. Njia ilianzia pale mwamba unapotoka ardhini, ikapanda ikizunguka mpaka kwenye kisima nilichokichora juu kabisa, kwa sababu katika hadithi ya Ntandu nchi nzima ilikuwa imekauka na kisima kilikuwa kimoja. Katikati niliweka balaa. Ziwa la magadi ambalo linawanywa watu. Nyumba isiyo na mlango, ndani analia mtoto, na ukifika hapo ni lazima useme, unabomoa ukuta au unapita. Ukisema nabomoa, Ntandu anakusimulia ulichokikuta, na kila siku kilikuwa kingine. Mwishoni karibu na kisima, kichaka cha miiba, na katika kichaka, mnyama. Mwili wa simba. Miguu ya nyuma ya mtu. Kinywa nilikichora kikubwa kuliko kichwa, nikakijaza ule wekundu.

Wasafiri walikuwa vijiwe. Tulirusha punje nne za mahindi tulizozipaka masizi upande mmoja. Nyeusi zilizoangukia juu ndizo hatua zako. Zikiangukia nyeupe zote nne, mnyama anatoka, na kijiwe kilicho karibu naye kinaingia kinywani. Kikishaingia hakitoki mpaka vyote vilivyobaki vifike kisimani. Hiyo sheria ni yangu. Ntandu alitaka aliyeliwa arudi mwanzo wa njia.

"Aliyeliwa anarudije?" nilimwambia. "Umewahi kuona?"

Siku za kwanza tuliogopa vizuri. Halafu tukazoea. Kijiwe kikiliwa tulikuwa tunafikiria mbuzi.

"Simba wako siku hizi namwona kama mbwa," Ntandu akasema. "Tufanye hivi. Vijiwe tuvipe watu."

Tukavipa watu. Vijiwe saba, watu saba wa kijijini. Chenye ufa kilikuwa cha Mzee Hango, kwa sababu alikuwa na kovu shavuni. Cha mviringo, chekundu kidogo, kilikuwa cha mama yangu. Na ili kila mtu atokee kwake, nikachora nyumba zao pale mwanzo wa njia. Nilichora vizuri mno, hilo ndilo lilikuwa kosa. Tembe letu na paa lake lililobonyea. Zizi la Hango, kona yake iliyoanguka. Ungeonyeshwa ungesema, hii ya fulani, hii ya fulani. Nyumba moja tu hatukuichora, ya Bibi Mkhoi. Tulikubaliana bila kubishana. Yule alitupa rangi, tusingetaka aliwe.

Siku hiyo hofu ikarudi, na ikarudi na utamu. Nikirusha mahindi mkono unatoka jasho. Kile kijiwe cha mama kikipita salama nilitaka kukibusu. Tulicheza hivyo siku nyingi, na mchana mmoja zikaanguka nyeupe nne, Hango akaliwa. Ntandu akasimulia alivyopiga kelele akiita ng'ombe wake kwa majina, mmoja mmoja. Tulicheka mpaka tukashika matumbo. Kabla hatujaendelea mbuzi wakaingia kwenye uwele wa watu, tukakimbia kuwatoa, na mchezo ukabaki vile ulivyokuwa. Hango kinywani. Kijiwe cha mama hatua moja kutoka kwenye kichaka.

Baada ya siku mbili Mzee Hango alikutwa mbugani amekufa. Alikuwa amemfuata ndama aliyepotea. Wanaume walimleta amefunikwa, na sisi watoto tukafukuzwa, lakini mguu mmoja ulikuwa unaning'inia nje ya blanketi na mimi nikauona.

Wakubwa wakaanza kunong'ona. Mmoja anasema simba. Mwingine anasema simba gani asiyekula, ameua akaacha. Mwingine anasema pale mbugani zilikuwepo nyayo za mtu, na hakuna aliyefikiri kwamba wanaume ishirini waliokwenda kumtafuta nao walikuwa na miguu.

Ntandu alinikuta nyuma ya zizi.

"Sisi tulimla lini?" akaniuliza.

"Juzi."

Ntandu alikaa chini kwenye samadi.

Ninyi mkisoma mnaona watoto wawili na mawe. Mimi nawaambia nilivyojua siku ile, na nilijua, sikudhani. Nilijua yule mnyama ni wangu. Nilimpa mwili, nikampa miguu, nikampa kinywa, halafu kwa mdomo wangu nikampa majina ya watu. Wakubwa walikuwa wanamtafuta mwenye simba, na mwenye simba alikuwa mimi.

Tulifikiria kumfuta. Lakini tukimfuta, atakuwa wapi? Pale juu ya jiwe angalau alikuwa amekaa. Tulifikiria kumtoa Hango kinywani, na sheria inakataa. Tulifikiria kumaliza mchezo, wote wafike kisimani, watolewe walioliwa, labda na Hango ataamka. Lakini kumaliza ni lazima urushe, na aliyekuwa karibu na kinywa alikuwa mama. Kwa hiyo tuliacha. Ntandu hakupanda tena kule juu. Mimi nilipanda kila siku kuangalia kama kijiwe cha mama kipo pale pale.

Siku moja nilikikuta kimesogea. Si sana, upana wa kidole. Kimesogea kuelekea kwenye kinywa. Leo nawaambia alikuwa mjusi, au kwato ya mbuzi. Siku ile nililala kifudifudi juu ya jiwe lile la moto nikaweka jicho langu sawasawa na kijiwe, nikalinda mpaka mate yakakauka, nikiogopa kupepesa.

Nyumbani nilimganda mama. Akienda kuchota maji nipo, akienda kukata kuni nipo, akienda kujisaidia nasimama nje.

"Wewe umekuwa mkia?" akaniuliza. "Nina kupe?"

Nilishika upindo wa nguo yake.

Aliyegundua michoro ya mwambani ni Msengi, mdogo wake Hango. Msengi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyefiwa, amezunguka porini siku tano na mkuki akitafuta nyayo, hali, hanywi. Siku ya sita alipanda kule juu. Nilikuwa chini na mbuzi nikasikia akiita watu, na sauti yake ilikuwa imepasuka. Wakapanda wanaume, wengi. Nikawaona kwa mbali wameinama. Wanaonyeshana nyumba zao. Kisha Msengi akasugua kidole kwenye ule wekundu, akanusa, akaufikicha.

"Nyonyo," akapaza sauti, nikasikia mpaka chini. "Huu udongo wa Mkhoi."

Walishuka wote kwa pamoja. Mimi na Ntandu tuliwafuata tukajificha nyuma ya uzio wa miiba. Uani kwa Bibi Mkhoi vyungu vilikuwa vimepangwa juani vikikauka, na mitungi mikubwa ya pombe ilikuwa imeshachomwa, imeegemea ukuta. Bibi alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, chungu katikati ya magoti. Hakusimama. Msengi aliweka vile vijiwe mbele yake kwenye kipande cha nguo, akashika rungu.

"Hiki chenye ufa, kama kovu la kaka yangu, kilikuwa kinywani," akasema. "Hivi vingine vya nani?"

"Sijui."

Akapiga mtungi. Ulipasuka kama kichwa.

"Kila nyumba imechorwa. Ya kwako iko wapi?"

"Sijui aliyechora, Msengi."

Akapiga mwingine. "Mwenye simba hajiandiki mwenyewe. Si ndiyo? Kimoja hiki kilikuwa karibu kabisa na kinywa. Ni cha nani? Nani anafuata?"

Bibi Mkhoi alitazama watu waliokuwepo, mmoja mmoja, watu ambao alikuwa amewafinyangia vyungu vya arusi. Walitazama pembeni. Kijana mmoja alikuwa ameshafika na kaa la moto kwenye kigae, anapuliza. Wengine walikuwa wanakokota matawi ya miiba kuelekea mlangoni pa nyumba, na mimi, ingawa nilikuwa mdogo, nilielewa miiba ile ni ya nini. Ataingizwa ndani, mlango utazibwa, halafu moto.

"Twende tukaseme," nikamwambia Ntandu.

"Watatuua."

"Watamuua yeye."

"Yeye si mzee?" Ntandu akasema.

Nikamzaba kofi. Mpaka leo sijui kama kofi lile lilikuwa lake au langu, maana na mimi nilikuwa nimeshawaza hivyo hivyo. Nikapita kwenye uzio, miiba ikanichana paja, nikaenda nikasimama mbele ya Msengi. Mkojo ulikuwa unanitoka na kila mtu anaona.

"Simba ni wangu," nikasema.

"Nini?"

"Simba ni wangu mimi. Mzee Hango tulimla siku ile ya mbuzi kuingia kwenye uwele. Bibi alitupatia udongo tu. Hajui kitu."

Baba yangu alikuwa katika wale wanaume. Alinyoosha mkono kunishika, kisha akaurudisha, kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. Baba yangu aliniogopa. Hilo lilinitisha kuliko rungu.

"Mtoeni huyo mtoto hapa," Bibi Mkhoi akasema upesi. "Ana homa. Udongo ni wangu, na picha nimechora mimi."

Basi nikakasirika. Mniamini, katika hofu ile yote, na mapaja yameloa, nilikasirika kusikia mtu mwingine anasema kazi yangu ni yake.

"Hajachora yeye," nikasema. "Hata kuchora hajui. Mwangalieni vyungu vyake, anajua mistari tu."

Mzee Nkuwi, aliyekuwa mkubwa wao, alikuja mbele. Alisawazisha vumbi kwa mguu wake, akavunja kijiti, akanipa. "Chora."

Nikachora. Mkono ulitetemeka mpaka ukagusa ardhi, halafu ukaacha, kama unavyoacha siku zote. Mgongo, manyoya, kinywa, na miguu ya nyuma, kisigino chenye nyufa. Waliokuwa karibu walirudi nyuma.

"Umemtoa wapi mnyama huyu?"

"Kwenu," nikamwambia. "Mnaongea mkidhani watoto hatusikii."

Mzee Nkuwi akatutoa wote tukapanda mwambani, Bibi Mkhoi akiwa katikati ameshikwa mikono, Ntandu akiburutwa na baba yake. Nikarudisha vijiwe mahali pake. Nikaeleza punje, nikaeleza hatua, nikaeleza nyeupe nne. Ntandu akaambiwa asimulie na akasimulia, kwa kwikwi, ile nyumba isiyo na mlango, na nikaona mwanaume mzima anajifuta mdomo.

"Kwa hiyo ni mchezo," Mzee Nkuwi akasema. Akamnyooshea Msengi zile punje. "Tupa."

Msengi akaweka mikono nyuma.

"Si ni mchezo wa watoto? Tupa."

"Tupa wewe, mzee."

Mzee Nkuwi alizitazama punje kiganjani mwake muda mrefu. Naye hakutupa. Akamnyooshea baba, baba akatikisa kichwa. Wanaume waliokuwa tayari kuchoma nyumba ya mtu, hakuna aliyetaka kushika punje nne za mahindi.

"Hiki kilicho karibu na kinywa ni cha nani?" akaniuliza.

Nikafunga kinywa. Nilikuwa nimemwona mama. Alikuwa ametoka shambani kwa kusikia kelele, jembe bado liko begani, anapenya katikati ya watu.

"Jibu unapoulizwa na mkubwa," mama akasema.

"Cha kwako, mama."

Aliweka jembe chini. Alichuchumaa, akakitazama kile kijiwe, akanitazama mimi, akatazama rungu la Msengi na kigae cha moto ambacho yule kijana alipanda nacho mpaka kule. Kisha akachukua punje kutoka kwa Mzee Nkuwi. Nikamrukia mkono, nikauma, nalia asitupe. Alinisukuma kwa kiwiko, akatupa.

Nyeupe. Nyeupe. Nyeupe. Ya nne ilizunguka kidogo juu ya jiwe, ikalala nyeupe.

Baba alikaa chini. Mama akaniuliza mimi, "Ikiwa hivi inakuwaje?"

"Unaingia kinywani."

Alichukua kijiwe chake akakiweka mwenyewe kinywani mwa mnyama, taratibu, kama anaweka chumvi kwenye mboga.

"Haya, nimeliwa," akawaambia. "Mwacheni Mkhoi mpaka mwezi mwingine uandame. Nikifa, mtajua la kufanya. Nikiwa hai, haya ni mawe."

"Na ukifa?" Msengi akauliza.

"Nimeshasema."

Mzee Nkuwi akakubali. Bibi Mkhoi akaachiwa arudi kwake, lakini vijana wawili waliwekwa karibu asikimbie, na ile miiba haikuondolewa mlangoni.

Siku zile sikuwa naishi. Mama, ambaye hakuwa na sababu ya kwenda mbugani, akaanza kwenda kila asubuhi na Bibi Mkhoi kuchimba udongo, wale vijana wawili wakiwafuata kwa mbali, karibu na pale alipokutwa Hango, kila mtu anaona. Baba alimkataza. Alikwenda. Mimi nilikwenda nyuma yao, nimeshika jiwe kila mkono, naangalia majani. Upepo ukipita kwenye majani yale marefu yanalala yote upande mmoja kama kuna mgongo unapita chini yake. Nilikuwa nahesabu pumzi za mama. Akikohoa, nasimama. Akiinama shimoni kichwa kikapotea, naita jina lake, si mama, jina lake, na ananijibu kwa hasira.

"Kwa nini ulitupa?" nilimwuliza siku moja.

"Ulitaka nifanyeje? Nikae pale nitazame mtu anachomwa kwa ajili ya mahindi?"

"Na kama ni kweli?"

Alikata bonge la udongo, akalitia kwenye kapu. Nikaona mkono wake. Ulikuwa unatetemeka. Ndipo nilipojua kwamba na yeye alikuwa anaogopa, kila asubuhi, na kila asubuhi alikuwa anachukua kapu.

Mwezi ukaandama. Mama alikuwa hai. Simba yule hakuonekana tena, alikokwenda mimi sijui. Hakuna aliyekuja kumwambia Bibi Mkhoi kwamba amesamehewa, au kwamba samahani. Wale vijana wawili waliondoka tu. Miiba aliiondoa mwenyewe, na mama akamsaidia.

Lakini msiba wa Hango ulikuwa haujamalizwa, na sisi msiba tulimaliza kwa pombe, na pombe haipikwi kwenye viganja. Mitungi ilikuwa imevunjwa. Mfinyanzi alikuwa mmoja. Msengi alimtuma mkewe. Bibi Mkhoi akamjibu kwamba udongo anao, maji hana, aliyevunja alete maji. Mke akasema ataleta yeye. Bibi akasema hapana, aliyevunja.

Mnajua kwetu wakati ule mwanaume alikuwa habebi mtungi wa maji. Alifikiri siku tatu. Siku ya nne tulikuwa uani kwa Bibi, mama anatwanga vigae vya kuchanganyia kwenye udongo, mimi nimejificha nyuma ya mgongo wake kwa sababu nilimwona Msengi anakuja, na nilikuwa bado naamini ana rungu. Alikuwa na mtungi begani. Alipita njia ya kisimani yote, katikati ya kijiji, mchana kweupe, wanawake wamesimama milangoni. Maji yalikuwa yamemwagikia kifua chake chote, hakujua kubeba.

Akautua mbele ya Bibi Mkhoi, akasimama ameinamisha kichwa.

"Shikamoo, Bibi," akasema.

"Marahaba."

Bibi akatia mkono kwenye mtungi, maji yakamfika kwenye kiwiko. Akautoa, akaukung'uta.

"Hayatoshi," akasema. "Rudi."

Akarudi.